Dakika Kumi na Mbili za Bwana Fidla

Laki tatu na nusu zilizochangwa kukodi spika kubwa zimeshakwenda kwa wapiga fidla na selo, zile fidla kubwa za sauti nzito, wote saba mnaowaona wamekaa kando ya jeneza, na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ambaye tangu asubuhi anauliza nani alimtuma mtu kugeuza mchango wa watu, ajibiwe hapa mbele ya wote kwamba aliyegeuza ni dada mdogo wa marehemu, fundi cherehani, aliyeishia darasa la saba na mengine akajisomea mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia nguo za wateja, na ndiye anayeisoma historia hii. Mwenyekiti amesema muziki usio na maneno, tena wa dakika kumi na mbili, utawachosha wafiwa, apigiwe marehemu dakika mbili za heshima kisha watu waendelee na ratiba, na mtoto wa kwanza wa marehemu naye amenong'ona, "Shangazi, watu watasinzia," shangazi akamwambia wasinzie, kwani wana haraka ya kwenda wapi, mwenye safari leo ni mmoja tu.

Marehemu, ambaye mtaani mlimwita Bwana Fidla ingawa hakuwahi kushika fidla hata siku moja, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa karani wa mizigo na mama mshonaji, akakua mtoto wa kukaa pembeni, mwenye kusikiliza watu wakubwa wakibishana na kutambua nani atashinda kwa sauti tu kabla hajaelewa wanabishania nini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 akamaliza 1964, akaendelea na sekondari hadi 1968, na huko ndiko mwalimu wa hisabati alikokuwa na santuri, na siku ya mvua, wanafunzi wakiwa wamefungiwa darasani, akawawekea konseto ya piano ya Mozart, wenzake wakacheza karata nyuma ya madawati, yeye akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, huyu wa piano anagombana na nani?" Mwalimu akasema hajui, atafute mwenyewe, na hilo ndilo marehemu alilolitafuta maisha yake yote, na wanaosema alikuwa mtu wa majivuno wajue alianzia hapo, kwenye swali la mtoto lililokosa jibu.

Tarehe 1 Juni 1972 aliajiriwa na idhaa ya redio kuwa mtunza sahani za muziki, katika chumba kisicho na dirisha, rafu mpaka darini, na rafu ya chini kabisa ilikuwa na simfoni na konseto ambazo hakuna mtangazaji aliyeziomba, zimeshika vumbi mpaka zimebadilika rangi. Alizifuta moja moja, akazisikiliza moja moja, akatafuta kwenye kamusi kila neno geni lililoandikwa nyuma ya majalada, na baada ya kuwasumbua wakubwa kwa miaka, tarehe 7 Januari 1979 akapewa kipindi chake, Jumapili saa nane mchana, saa ambayo aliyekula amelala na ambaye hajala yuko kwenye kutafuta.

Humo ndimo alimochambua, na alichambua kwa maneno ya nyumbani kwetu, akisema kwamba sehemu ya kwanza ya simfoni ni baraza la watu wawili, mmoja mwenye nyumba na mwingine mgeni anayekuja na lafudhi yake, wanaanza kwa adabu, katikati wanavurugana mpaka hujui nani ni nani, na mwishoni mgeni anarudia maneno yake yale yale ila kwa lafudhi ya mwenye nyumba, na ukiisha kulisikia hilo kwa Haydn utalisikia kwa Beethoven hata akikuficha. Konseto alisema ni mtu mmoja kusimama mbele ya ukoo mzima na kusema lake, na akawasifu watunzi waliompa mtu huyo subira, akitoa mfano wa Brahms, ambaye katika konseto yake moja ya piano aliianza sehemu ya taratibu kwa selo, mpiga piano amekaa mikono magotini, amekuja kusikilizwa na sasa anasikiliza. Simu zilipigwa studio, hatukatai, na nyingi ziliuliza matokeo ya mpira.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 1985 aliweka simfoni ya Bruckner, ile inayoanza kwa nyuzi kutetemeka chini chini kabla wimbo haujatokea, na fundi mitambo wa zamu, aliyezoea kuwinda mikwaruzo ya hewani, akaamini mtambo unavuma, akaukata, akaanza kuufungua kwa bisibisi, na nchi nzima ikakosa redio mpaka saa tisa. Marehemu alikwenda chumba cha mitambo akamwambia, "Umemkatiza mtu akivuta pumzi ya kusema," fundi akajibu, "Mimi nimesikia nyuki, mzee, na nyuki siwarushi hewani," na tangu hapo wakapishana kwenye korido miaka nenda miaka rudi kama watu wasiojuana. Kipindi chake cha saa nzima kikapunguzwa kuwa nusu saa, kisha robo, hata ikawa anaweza kuieleza konseto lakini hawezi kuipiga ikaisha, taarifa ya habari inaingia katikati ya sentensi, na alistaafu tarehe 30 Juni 2006 akiwa hajarusha simfoni hata moja bila kukatwa tangu siku ya fundi.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982 na karani wa mapokezi wa idhaa hiyo, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1984 na wa kike mwaka 1987, na kwa kuwa familia hii haifichi mambo, isemwe kwamba mkewe alihama mwaka 1996, na yupo hapa, na ameruhusu yasomwe maneno aliyoondoka nayo, kwamba nyumba ile ina wanaume wengi waliokufa kuliko makaburini, na wote wanahudumiwa kabla yake. Watoto nao walipokua wakaenda mbali kwa kazi, wakawa wanapiga simu.

Alipobaki peke yake alinunua viti sita, akavipanga kuelekea santuri, akaalika majirani kila Jumapili, na ya kwanza walikuja wanne kwa sababu walisikia kuna chai, ya pili hakuja mtu, wala zilizofuata. Mdogo wake alipompelekea suruali aliyoishona akamkuta amesimama amechomekea shati, anavieleza viti habari za Brahms, akakaa, na kabla fidla hazijamaliza mteja akampigia honi nje, akatoka, na marehemu akaendelea pale pale alipokuwa amefika.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi Juni 2019, akalazwa mara kwa mara, na aliyekuja wodini kila Jumapili, wenye damu yake tukiwa kazini, alikuwa fundi mitambo yule yule, naye amestaafu, amebeba redio kaseti aliyoitengeneza mwenyewe, na walipokutana mara ya kwanza marehemu alimtazama akasema, "Umekuja kunikata tena?" fundi akasema, "Nimekuja nikae mpaka nyuki watoke." Wakawa wanasikiliza, muuguzi anakuja na kipimo cha presha, daktari na wanafunzi wake, kengele ya kufunga saa za kuwaona wagonjwa, na Jumapili ya mwisho kengele ililia wakiwa katikati ya sehemu ya taratibu ya simfoni ya Haydn, hiyo ambayo hawa saba wameipanga upya kwa ajili ya leo, na marehemu aliaga dunia Jumatano, tarehe 8 Novemba 2023, saa kumi jioni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao kukatiza kwao kulikuwa kwa kumtafutia uhai, inawashukuru wafanyakazi wa idhaa waliotoa gari, majirani walioleta maturubai na vyombo, mkewe aliyemvika nguo hizi kwa mikono yake, na fundi mitambo, ambaye amekataa kiti cha mbele na amesimama pale nyuma.

Nenda kapumzike, kaka, mahali ambapo taarifa ya habari haiingii.

Na ninyi mliobaki, mwenyekiti ukiwa wa kwanza, zimeni simu, kaeni chini, asiinuke mtu mpaka selo ya mwisho inyamaze. Marehemu anawadai dakika kumi na mbili, na anazitaka zote.