Keturah Simms, Aliyewafundisha Wajawazito Kusema

Mama yetu Earline, shemeji yangu Roderick, Mchungaji na ninyi nyote mliofika, kwa desturi ya kanisa letu historia ya marehemu huchapwa na kila mtu akaisoma kimya kimya, huku kinanda kikilia kwa chini, lakini mimi Odessa Gaither, dada yake mkubwa, nimeomba niisome kwa sauti, kwa kuwa hiyo mliyoishika imepita mikononi mwa watu wenye adabu, na kuna mambo wameyaruka.

Keturah Gaither Simms alizaliwa tarehe 9 Aprili 1987 hapa Meridian, Mississippi, mtoto wa pili na wa mwisho wa Earline na marehemu Lucius Gaither, fundi wa reli. Alisoma shule zote hapa hapa mjini hadi mwaka 2005, na walimu wake mliopo ni mashahidi kwamba alikuwa na mdomo, tena mdomo haswa, mtoto ambaye ukimwambia nyamaza anakuuliza anyamazie nini. Mwaka 2009 alipata shahada ya ualimu mjini Jackson, akarudi kufundisha darasa la nne kwa miaka saba.

Tarehe 18 Juni 2011, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Roderick Simms, dereva wa malori, na tarehe 2 Novemba 2016 wakajaliwa mtoto wao wa kwanza, Josiah, mimba ambayo nusura imuue kwa kifafa cha mimba, akapona kwa sababu muuguzi mmoja mtu mzima alimtazama usoni akasema, “Huyu uso wake si wake, amevimba, mpimeni presha sasa hivi.” Mungu ambariki mama yule popote alipo.

Hapo ndipo Keturah alipoacha ualimu wa darasani na kuanza wa mitaani, akanunua kipimo cha presha, akawa anazunguka nacho kwenye masaluni na makanisa, akimvizia mjamzito aliyekwisha kukaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, asiyeweza kukimbia, na kumwambia, “Mumeo anajua presha ya matairi yote manne ya gari lake, ya kwako wewe ni ngapi?” Mwanamke akijibu, “Ketu, niache bwana, nimekuja kutengeneza nywele,” yeye humjibu, “Nywele hazina haraka, lete mkono.” Aliwafundisha dalili, kichwa kinachouma kisisikie dawa, vimulimuli machoni, uso na mikono kuvimba, maumivu chini ya mbavu za kulia, na kwamba hatari haiishi mtoto akishatoka, humfuata mama hata wiki sita. Aliwafundisha waseme, wasiposikilizwa waseme tena, na wasijali kuitwa wakorofi. Mwaka 2022 alisimama mbele ya wabunge wa jimbo, akawaambia kwamba mama mweusi anakufa kwa uzazi mara nyingi zaidi kuliko mweupe, awe na shahada au asiwe nayo, wakamshukuru sana, wakapiga naye picha.

Tarehe 14 Machi mwaka huu wa 2025 alijifungua salama mtoto wa kike, Naomi, na tarehe 20, siku ya Alhamisi asubuhi, Roderick akiwa safarini na lori, alinipigia simu kwamba kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli. Nilifika baada ya dakika kumi, na hapa ndipo karatasi yenu imeandika “aliugua ghafla,” basi nisikilizeni. Sisi tulilelewa kwamba mtu mweusi haendi kwa daktari na kandambili, anavaa nguo ya kanisani na kuongea taratibu, ndipo waone ni mtu wa maana, Mama alilelewa hivyo, na bibi pia, na wengi wenu humu. Kwa hiyo nilimkalisha kitandani, nikamvalisha gauni lake la bluu, nikampaka poda na rangi ya mdomo, naye akiniambia, “Dada, kichwa kinapasuka, twende hivi hivi,” nikamjibu, “Hivi hivi watakuweka nyuma ya wote, tulia nikutengeneze.” Dakika ishirini na tano zilipotea hapo. Faili la hospitali tumelisoma baadaye, aliyempokea ameandika, “mgonjwa ni nadhifu, anaonekana mzima,” na ule uvimbe ambao ungemsemea nilikuwa nimeufunika kwa poda kwa mkono wangu.

Presha hawakumpima, tuliambiwa tukae. Akasimama akasema kwa sauti, kama alivyowafundisha wengine, “Nimejifungua siku sita zilizopita, nipimeni,” mlinzi akaanza kutusogelea, nami nikamvuta mkono nikamwambia, “Ketu, teremsha sauti mdogo wangu, watatutoa nje.” Maisha yake yote hakuwahi kunitii, siku ile akanitii. Tulikaa saa tatu na dakika arobaini. Mara moja aliniuliza, “Dada, sasa naweza kusema?” nikamwambia subiri kidogo, na hakusema tena, degedege likamkamata pale pale kwenye kiti, akafariki Jumamosi tarehe 22 Machi, zikiwa zimebaki siku kumi na nane atimize miaka thelathini na minane. Ameacha mume, watoto wawili, mama, na mimi.

Familia inawashukuru majirani walioleta kuku na makaroni hadi jokofu likakataa kufungika, wenzake wa masaluni waliomsuka mara ya mwisho, na madaktari wa chumba cha wagonjwa mahututi waliohangaika naye siku mbili, maana hao walimpokea akiwa ameshacheleweshwa na kosa si lao. Wa mapokezi nilitakiwa niwashukuru pia, imo kwenye karatasi yenu, mimi siwezi.

Watu wananiambia kazi yake itaendelea. Sijui. Kama yeye, aliyezijua dalili zote kwa majina, amekufa hivi akiwa ameketi ubavuni mwa dada yake, sijui nimwambie nini binti wa mtu mwenye mimba aliyekaa humu leo, labda hili moja, asiende na mtu kama mimi.

Naomi ana siku kumi na tano. Akikua akaniuliza mama yake aliugua nini, nitamsomea haya haya, sitapunguza neno. Pumzika, Ketu, na amani hii tunayokuombea wote iwe yako, mimi yangu sitaiomba.