Mama Mviringo na Maana Iliyobaki Mezani

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya kamusi, Mama Mviringo anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza akiwa mpiga chapa, akapanda hadi mhariri mwandamizi, na njiani akatufundisha sote kusoma polepole.

Jina hilo la utani alilipata alipokabidhiwa neno la Kiingereza "ball". Tulidhani ni kazi ya asubuhi moja: mpira, basi, tukanywe chai. Kumbe hatukumjua. Kwake yeye, maana haiingii kamusini mpaka kitu chenyewe kifike mezani akishike. Zikaja gololi, mipira ya matambara, uzi wa kufumia uliozongwa. Siku ya maana ya unyayo, kwani "ball" ni sehemu ya mguu pia, alivua kiatu mbele ya wageni, akawaonyesha ule unene ulio nyuma ya kidole gumba. Maana ile ya maumbile ya wanaume ndiyo pekee iliyopita bila kielelezo. Mama aliitia saini, mhariri mkuu akaongeza yake mbiombio, macho chini, na mama akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Mchana, mapazia yakipepea taratibu, alitusimulia asili. Neno la vitu vya mviringo lilitoka kwa watu wa baridi kali, kaskazini ya Ulaya. Lile la dansi rasmi, ambalo Waingereza huliita "ball" vilevile, lilianzia kwenye neno la Kilatini la kucheza, likapitia kwa Wafaransa. Hayana undugu, alisema. Ni wapangaji wawili wenye jina moja, kila siku wanachanganyiwa barua. Tukimsikiliza hivyo, kazi ilisimama na hakuna aliyejali.

Ila hilo la dansi mama hakulitia saini. Marehemu mumewe, fundi redio, alikuwa na mtindo wake: kila redio aliyoitengeneza aliijaribu kwa kucheza na mkewe sebuleni. Tangu alipofariki, mama hakucheza tena. Mhariri mkuu alimsihi anakili tu kutoka kamusi ya zamani. Akajibiwa kwamba kueleza usichokigusa ni umbea. Kamusi inakwenda kiwandani wiki ijayo, na ukurasa ule bado una pengo. Ilituuma kuona anaondoka na kiporo hicho.

Juzi alinijia mezani. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hotuba zangu huwa ndefu kama foleni. Je, zikipunguzwa, ratiba haiwezi kupata nafasi ya muziki? Badala ya kumtania, nilichukua kalamu nikaanza kufuta hotuba.

Kwa hiyo leo hotuba ni moja tu. Meza zimesogezwa ukutani, sakafu imepigwa deki, na binti yake amechagua nyimbo.

Mama, ahsante kwa uvumilivu wako na vicheko vyako. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na asubuhi zisizo na haraka. Saini inaweza kusubiri mpaka muziki uishe. Tumekubaliana sote kwamba wa kwanza kuingia uwanjani ni wewe, ucheze na umtakaye, au peke yako, macho umeyafumba.