Jina la Mwenyekiti Kwenye Kiitikio

OPERETA: Korogwe, Korogwe, pokea simu yako ya Handeni. Haya, ongeeni.

HIZA: Haloo! Nani mwenzangu huko?

FATU: Haloo? Kaka Hiza? Ni mimi—

HIZA: Nani? Paza sauti, unaongea kama uko ndani ya mtungi!

FATU: Fatu! Fatu wa ngoma ya selo, mke wa Athuman! Nipo posta, Handeni!

HIZA: Aaa, Fatu! Manju wangu mwenyewe! Habari za huko?

FATU: Salama, kaka. Za huko kwenu Kilole? Wifi Dorkasi hajambo?

HIZA: Hajambo, watoto hawajambo, mvua ndiyo imetususa. Na Athuman?

FATU: Mzima. Yuko kwenye shamba la kijiji. Kaka Hiza, nina neno moja tu, halafu—

HIZA: Lako moja, langu kumi! Gari la redio limethibitishwa! Jumamosi, uwanjani hapa Korogwe, na mitambo yao ya kurekodi. Nguo nimeshawatafutia, kanga za namna moja, ngoma nitazikausha mwenyewe kwenye moto. Nyinyi mje tu na midomo yenu.

FATU: Nimesikia, kaka. Watu huku nao wananiuliza, huyo meneja wako—

HIZA: Shh! Mwanamke we! Usitamke meneja kwenye simu. Meneja siku hizi ni bepari. Mimi ni Katibu Mwenezi wa Kikundi cha Utamaduni, wilayani wanajua hivyo.

FATU: Kwani kazi imebadilika?

HIZA: Kazi ni ileile. Nyinyi mnaimba, mimi nahangaika. Nani aliyewatoa kwenye harusi za Chanika, mnaimba mpaka alfajiri kwa sahani ya pilau? Nani aliyekwenda kukaa kwenye benchi la redio Dar es Salaam mpaka suruali ikang'aa makalioni?

FATU: Ni wewe, kaka.

HIZA: Mimi nakujua kuliko unavyojijua, Fatu. Kiatu chako nakijua. Kikohozi chako cha kipupwe nakijua na dawa yake naijua. Sasa niambie, wimbo umeshika? Hebu nianzishie hapo, "Muhidini jembe letu—"

FATU: Ndilo neno lenyewe lililonileta. Wimbo huo siwezi kuuimba.

(Simu inakwaruza.)

HIZA: Haloo? Umesema huwezi kuja?

FATU: Kuja nitakuja. Wimbo huo ndio siuwezi.

HIZA: Huuwezi? Mtoto wa darasa la kwanza anauweza! "Muhidini jembe letu, Muhidini taa yetu, Muhidini—"

FATU: Kaka, punguza sauti.

HIZA: Nipunguze vipi na simu inakwaruza kama kuku jalalani? Sikia, jina lake limo kwenye kila kiitikio, na nimeliweka makusudi. Unajua kwa nini?

FATU: Kaka, tafadhali, polepole. Simu hii inasikika mpaka—

HIZA: Kwa sababu ya lori la kijiji! Yule mwenyekiti wenu anapenda sifa kuliko ugali. Akijisikia redioni atavimba kama andazi kwenye mafuta, na siku hiyohiyo lori ni letu. Muheza tunakwenda, Lushoto tunakwenda, Tanga mjini tunakwenda! Kimwenyekiti kama kile ni kukipapasa kidogo tu—

FATU: Yallah, kaka Hiza!

HIZA: Nini tena?

FATU: Mimi naomba niimbe wangu. Ule ulionikuta nao Makuyuni, siku ile ya mavuno.

HIZA: Ule unaoliza watu? Ule ni mzuri, sikatai, ule ndio ulionifanya nikufuate mpaka kwenu. Lakini hauna mwenyekiti ndani, hauna kijiji, hauna pamba wala mahindi. Redio wanataka maendeleo, Fatu. Machozi kila mtu anayo nyumbani kwake.

FATU: Nimeutunga mimi. Tangu sijaolewa naomba Mungu, sauti yangu ikitoka kwenye redio, itoke na maneno yangu. Mara moja tu, kaka. Gari lile likishaondoka Jumamosi, litarudi lini?

HIZA: Utaimba wako siku nyingine.

FATU: Siku gani?

HIZA: Nyingine! Ebo! Sasa nieleze, huu wa Muhidini una ubaya gani? Una matusi? Umemkufuru Mungu?

FATU: Huyo uliyemweka kwenye kiitikio ni babu yake Kibwana.

HIZA: Kibwana gani?

FATU: Kibwana mwanangu. Wa kwanza.

HIZA: Enhe. Babu... babu mzaa nani?

FATU: Mzaa baba.

HIZA: Ngoja. Athuman, mpiga ngoma wangu, Athuman ni mtoto wa mwenyekiti?

FATU: Wa pili kuzaliwa.

HIZA: Mbona sikuambiwa?

FATU: Ulituuliza ngoma ngapi na watu wangapi. Baba wa mtu hukuuliza.

HIZA: Loo!

FATU: Sasa mimi nisimame kwenye kipaza sauti, nimwite mkwe wangu jina lake, nchi nzima isikie? Kaka, mtoto wa jirani yetu amepewa jina hilo, na mimi namwita Somo tu. Tangu niingie nyumba ile halijapita mdomoni mwangu. Nikilitaja Jumamosi, Jumapili narudi kwa mama na vyombo vyangu kichwani.

HIZA: Sawa, sawa, usilie. Tutafanya hivi. Utalipita harakaharaka. "Mdini jembe letu." Hakuna atakayejua.

FATU: Kaka!

HIZA: Au... Athuman hawezi kukupa talaka ya siku mbili tatu, halafu akurudie? Nyinyi Waislamu si mna nafasi hiyo?

FATU: Astaghfirullah! Ungekuwa karibu ningekutupia kiatu, tena unajua saizi yake.

HIZA: Natafuta njia tu, dada! Yule mzee mwenyewe hana haja ya kujua kwamba umekataa. Yuko shamba saa hizi?

FATU: Yupo hapa.

HIZA: Hapo Handeni?

FATU: Hapa posta. Mke wa mtu haendi mjini peke yake, kanisindikiza. Kakaa kwenye benchi, na kibanda hiki mlango wake haufungi.

HIZA: ... Anasikia?

FATU: Kaka, karani anasikia, wanunua stempu wanasikia. Ameshasimama. Haya, ongea naye.

HIZA: Nani? Unampa nani simu? Fatu!

FATU: Si nimekwambia simtaji?

(Simu inagongwagongwa.)

MUHIDINI: Haloo.

HIZA: Shikamoo mzee! Shikamoo mwenyekiti!

MUHIDINI: Marahaba. Ndiye wewe Hiza?

HIZA: Ndiye mimi, mzee wangu. Habari za siku nyingi?

MUHIDINI: Habari nimezipata hapa. Nimesikia na za andazi.

HIZA: Andazi... Mzee, pale nilikuwa namsema mwenyekiti mwingine. Wa huku Makuyuni.

MUHIDINI: Naye anaitwa Muhidini?

(Simu inakwaruza.)

HIZA: Mzee, nisamehe. Ulimi hauna mfupa... mimi ni mtoto wako. Nichape.

MUHIDINI: Mimi nalima, bwana. Nimechaguliwa na watu wazima, kwa mikono juu. Sikukuomba unisifu. Na mkwe wangu amenieleza njiani jinsi anavyoteseka na wimbo wako. Uufute.

HIZA: Naufuta, mzee. Sasa hivi naufuta. Nilikuwa nimeona tu kwamba... ah, basi.

MUHIDINI: Uliona nini?

HIZA: Kwamba redio ile inafika mbali, mzee. Bukoba inafika. Mtwara. Mtu yuko kwao anamenya ndizi, anasikia, Muhidini wa Handeni, jembe letu. Anajiuliza, ni nani huyo? Lakini umekataa, naufuta.

MUHIDINI: Bukoba?

HIZA: Bukoba, mzee, bila mkwaruzo.

MUHIDINI: Hm. Na Dar es Salaam pale, wakubwa wa kilimo?

HIZA: Wale kila meza ina redio! Ndiyo kazi yao, kusikiliza nani analima.

MUHIDINI: Hm. Hilo jina linakaa wapi, mwanzoni au mwishoni?

HIZA: Kila kiitikio, mzee. Linaanza mwanzo, linarudi katikati, tunafunga nalo.

MUHIDINI: Wimbo wenyewe si wangu. Ni wa kijiji.

HIZA: Ni wa kijiji kabisa! Wewe umo kwa niaba tu.

MUHIDINI: Lakini mkwe wangu hatanitaja, hilo sibadilishi. Wale waitikiaji ndio watalitaja. Yeye akifika hapo, anyamaze.

HIZA: Busara hiyo, mzee! Sisi wengine tulikesha hatukuliona.

MUHIDINI: Na walitaje lote, na la baba yangu. Muhidini Mhina. Wako akina Muhidini wengi.

HIZA: Muhidini Mhina! Hata linaingia vizuri kwenye ngoma. Na lile lori, mzee...

MUHIDINI: Habari ya lori njoo uongee ofisini. Haya, chukua mtu wako. Mimi natoka nje nikasalimie watu.

(Simu inagongwa.)

FATU: Kaka Hiza.

HIZA: Fatu! Umesikia? Sikujua mwenyewe kama nina ulimi wa namna hiyo!

FATU: Nimesikia. Nami nilimleta makusudi, asikie kwa masikio yake, akukataze. Njia nzima alikuwa anafoka. Umemgeuza kabla karani hajamaliza kubandika stempu.

HIZA: Usininunie, mwanangu. Utaimba, heshima yako ipo, mzee anafurahi, lori linakuja. Tatizo liko wapi sasa?

FATU: Hakuna tatizo. Mzee kaamuru, mimi nikifika pale ninyamaze. Nitanyamaza.

HIZA: Ndiyo hivyo!

FATU: Waitikiaji wetu unawajua?

HIZA: Nisiwajue! Hajira, Zamda, yule mrefu Shida, na yule wa meno mazuri.

FATU: Hajira kaolewa na mdogo wake Athuman. Zamda na kaka yake. Shida na huyo wa meno ni wake wa watoto wa baba mdogo. Wote tunatoka uani kwa babu yake Kibwana, na wote ni wakwe zake. Hakuna hata mmoja atakayefungua mdomo.

HIZA: ... Wapiga ngoma?

FATU: Watoto wake wa kuwazaa. Wamwite baba yao jina kavu, huku wanapiga ngoma na kutingisha mabega? Hiyo kwetu hakuna.

HIZA: Mungu wangu. Kwa hiyo kila kiitikio...

FATU: Kila kiitikio ngoma tupu. Bukoba watadhani redio imeharibika.

HIZA: Fatu, Fatu, ngoja kwanza, nifikiri—

OPERETA: Handeni, muda wenu unakwisha.

FATU: Mtu asiye mkwe wala mtoto wake pale ni wewe peke yako. Simama kwenye kipaza sauti, ulitaje wewe.

HIZA: Mimi? Niimbe? Dorkasi hanipi ruhusa ya kuimba hata kanisani!

FATU: Basi chagua haraka. Uimbe wewe, au niimbe wangu.

HIZA: Na mzee nitamwambia nini?

FATU: Hilo hata mimi silijui, kaka. Ulimi unao, umeuona leo. Chagua, wanakata!

HIZA: Imba! Imba wako, Fatu! Potelea mbali, imba wako!

FATU: Mungu akubariki! Msalimie wifi! Jumamosi mape—

(Simu inakatika.)

HIZA: Haloo? Fatu? Haloo!

OPERETA: Handeni wamekwisha kutoka, bwana.

HIZA: Ulikuwa unasikiliza?

OPERETA: Samahani, bwana. Nimeshindwa kujizuia. Huo wimbo wake unahusu nini?

HIZA: Sijui, dada. Kila akiuimba, mimi huwa mlangoni, nahesabu viingilio.