Maisha ya Fundi Baridi, Aliyepoza Injini za Watu

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumzika ndugu yetu na kushiriki majonzi yetu, anayewasomea historia hii kwa niaba ya familia ni mdogo wake marehemu, na anaomba radhi mapema kama sauti itamkwama njiani, maana hata kuiandika ilimshinda mara kadhaa.

Marehemu, ambaye nyote mlimjua kwa jina la Fundi Baridi, jina alilolipenda kuliko lile la kwenye cheti chake cha kuzaliwa, alizaliwa tarehe 14 Mei 1966, mtoto wa pili wa mama mshona nguo na baba mtunza boila wa kiwanda cha sabuni, na tangu akiwa mdogo alipenda kukaa na baba kwenye chumba cha boila, akiukodolea macho mshale wa joto kama wenzake walivyoukodolea mpira. Alianza darasa la kwanza mwaka 1974 na kumaliza la saba mwaka 1980, kwa alama za kujikongoja isipokuwa hesabu, kisha mwaka 1983 akajiunga na chuo cha ufundi wa magari, ambako alihitimu mwaka 1985, na picha ya siku ile inamwonyesha amevaa suti ya kuazima, mikono imefichwa nyuma kwa sababu ya kucha zilizojaa oili.

Alianza kazi Januari 1986 katika karakana ya malori, akiziba rejeta zinazovuja, vile vipozeo vya maji ya injini, na mwaka 1998 akafungua karakana yake mwenyewe, banda la mabati nyuma ya uwanja wa mbio za magari, na hapo ndipo riziki ilipomfuata, kwa kuwa Jumamosi uwanja ule hufunguliwa kwa yeyote mwenye gari la kasi, na wanaokuja si madereva wa mashindano bali wahasibu, wakandarasi na madaktari, watu wazima wenye akili zao, ambao wakishavaa helmeti husahau kabisa kwamba injini nayo huchoka. Gari lililozoea kwenda sokoni na kurudi lilizungushwa pale mpaka maji yakachemka, mvuke ukafoka chini ya boneti, na mwenye gari akabaki ameshika kiuno. Marehemu aligundua kwamba upepo mwingi unaoingia mbele ya gari haupiti kwenye rejeta, unatorokea pembeni penye nafasi, basi akawa anaziba nafasi zile kwa sponji ya godoro, na ndiyo maana siku moja shemeji yetu alipokuwa akitandika kitanda cha watoto alikuta godoro limepungua upande wa miguuni, akamwuliza mumewe, naye akajibu bila hata kupepesa macho kwamba watoto bado ni wafupi.

Shemeji yetu huyo, mwalimu wa shule ya msingi, alifunga naye ndoa tarehe 6 Agosti 1994, na wakajaliwa watoto watatu, binti wawili waliozaliwa 1996 na 1999, na mvulana aliyezaliwa 2004, ambao wote wako hapa mbele, na wote walilelewa kwa sheria za uwanjani. Sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii, kwamba injini ya moto haizimwi, kwa sababu ukiizima maji husimama na joto hubaki ndani likiunguza, bali unazunguka kwanza mzunguko mmoja pole pole, unarudi, unaiacha ingurume gari likiwa limesimama mpaka mshale ushuke, ndipo unazima. Marehemu alikuwa akisimama mlangoni mwa banda na mkono juu, akimzuia hata mwenye gari asiguse ufunguo wake mwenyewe, na nyumbani watoto wakigombana hakuwaruhusu kwenda kulala, aliwaambia wazunguke nyumba kwanza.

Tarehe 24 Februari 2024 kipande cha bampa kilimchana mguuni, akakifunga kidonda kwa kitambaa cha kufutia oili na kuendelea na kazi. Jumamosi iliyofuata, tarehe 2 Machi, alionekana uwanjani amevaa koti juani, na daktari wa meno, mteja wake wa miaka mingi, mwenye gari jekundu, alimshika mkono akaona unaunguza, akamsihi waende hospitali, lakini marehemu akasema amalize kwanza gari la mwisho. Mtu ambaye angesimamisha gari la mwenzake kwa mshale kupanda kidogo tu, mshale wake mwenyewe uligonga mwisho akauficha kwa koti, na jambo hili linatuuma sana.

Jumatatu tarehe 4 Machi alianguka bafuni, akapelekwa hospitali, ikaonekana maambukizi yameshaingia kwenye damu, na homa ikakataa kushuka. Tulimfuta kwa vitambaa vya maji, tukasogeza kitanda dirishani, na wanawe, katika kutapatapa, walileta feni kubwa ya karakana, wakakata sponji na kuupanga upepo umwelekee baba yao kifuani, mpaka muuguzi wa zamu akaingia, akatazama, akaacha feni ile izunguke kidogo, kisha akawaambia kwa upole kwamba moto wenyewe uko mahali ambapo upepo haufiki. Hatukuwa na kingine tunachokijua.

Jumapili tarehe 10 Machi daktari alituita kwenye chumba kidogo, akatueleza kwamba kinachopumua sasa ni mashine, kwamba ubongo hauitiki tena, na kwamba familia ikiridhia mashine inaweza kuzimwa. Sote tulimtazama shemeji. Yeye aliuliza joto la mumewe ni kiasi gani, akaambiwa bado liko juu sana, akasema basi haiwezekani, hazimwi akiwa wa moto. Daktari alidhani hakuelewa, akaanza upya kumweleza kwa maneno mepesi, na shemeji akamsikiliza mpaka mwisho, akarudia lile lile, huku yule daktari wa meno, aliyekuja kumwona mgonjwa, akiwa ameinamisha kichwa mlangoni.

Asubuhi ya Jumatatu homa ilianza kushuka. Wanawe walikumbatiana, na msomaji wa historia hii akatoka nje kuwapigia simu ndugu, akiwaambia kaka amepata nafuu, bila kujua kwamba muuguzi alikuwa ameshafahamu maana yake na amekosa pa kuanzia kutuambia. Homa ilishuka, ikapita pale tulipopaombea, ikaendelea kushuka, maana mwili wenyewe ulikuwa unazima. Shemeji aliweka kiganja kwenye paji la uso wa mumewe, akakiacha hapo muda mrefu, kisha akasema sasa zimeni, na mashine ikazimwa saa tatu na nusu usiku, tarehe 11 Machi 2024.

Familia inawashukuru madaktari, inamshukuru muuguzi aliyeiacha feni yetu izunguke, majirani waliopika na kufua nyumbani siku zote zile, mafundi wenzake waliofunga kazi zao, na wateja wa uwanjani. Wale waliopigiwa simu asubuhi ile wakashangilia, tunawaomba radhi, sisi wenyewe tuliamini.

Kaka, mshale umeshuka. Pumzika kwa amani.