Paka Wangu na Daktari Anayeuza Sumu ya Panya

Benchi letu liko Igoma, kando ya barabara iendayo Musoma, ubavuni mwa karakana ya baiskeli ya Nkwabi. Ni ubao mrefu uliong'olewa kwenye bodi ya lori lililokufa, umelazwa juu ya matofali, na katikati umebonyea kwa kukaliwa na watu wasio na haraka. Kahawa napika mimi, Teodora, kila siku kuanzia alasiri, pamoja na kashata za karanga. Shule niliachia darasa la nne, lakini masikio yangu hayajawahi kuacha kusoma. Ninayowasimulia hapa ni ya mwaka tisini na nne, wiki ambayo paka wangu aligoma kula.

Watu wa benchi ni watatu. Wa kwanza ni mzee Venant, mtu wa Bukoba, tunamwita Fomu. Alikuwa karani wa ushirika wa pamba miaka ishirini na sita, mpaka walipopunguza watu wakampunguza na yeye, akabaki na kalamu mbili mfukoni na mazoea ya kuuliza kila jambo limeandikwa wapi. Wa pili ni Nkwabi mwenyewe, tunamwita Spana, Msukuma wa Magu, anayeamini kwamba kila kilichoharibika duniani kina nati iliyolegea. Wa tatu ni Owuor, jina lake la benchi Redio. Anatoka kando ya ziwa upande wa Mara, anapakia minofu ya sangara kwenye kiwanda kimoja cha samaki, na taarifa zake za habari hazina saa ya kufunga.

Paka wangu anaitwa Mageuzi, kwa sababu alizaliwa mwaka ule vyama vingi vilipoingia, na kama vyama vyenyewe alikuja na kelele nyingi. Analala juu ya gunia la mchele ambalo mwanangu Suzana huniletea, na tangu aje hakuna panya aliyelitoboa. Hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu ya kwa nini namtaka apone. Sababu nyingine ni kwamba baadaye hushuka akalala miguuni pangu, na miguu ya mjane ina baridi yake. Lakini hilo halikuwahusu watu wa benchi.

Jumatatu Mageuzi aliwatazama dagaa akageuza uso. Jumanne akakataa na maziwa. Mate yakawa yanamdondoka, kichwa anakitikisa kama mtu aliyeambiwa uongo. Nilipomgusa shavu alinipiga kucha, nikamwachia heshima yake.

Sasa mwezi uleule, milango miwili kutoka benchi, lilikuwa limefunguliwa duka la dawa za mifugo. Kibao chake kilisema: DAKTARI. NG'OMBE, MBUZI, KUKU, MBWA NA PAKA. Daktari mwenyewe ni mwanamke, jina lake Justa, umri wa Suzana wangu. Alikuwa mtumishi wa serikali kwenye josho la ng'ombe huko Magu, mpaka josho likakauka na yeye akaambiwa ajitegemee. Habari zake nilizipata kabla hajamaliza kupaka rangi mlango. Ana watoto wawili, anaendesha pikipiki mwenyewe akiwa na suruali, na mume anaye, ila yuko Kahama, na wale wanaojua kwa nini yuko Kahama hawakubaliani.

Jumatano nikaliweka jambo mbele ya benchi: nimpeleke Mageuzi kwa yule mama, au nisimpeleke?

Venant alianzia kwenye kibao. Alitaka kujua nani ameruhusu neno paka liandikwe pale.

— Paka si mfugo, alisema. Ng'ombe ana ushuru, mbuzi ana ushuru, hata punda ana mstari wake kwenye fomu. Paka hana mstari.

— Hana mstari lakini ana tumbo, nikamwambia. Na halijaingia kitu tangu juzi.

— Ndiyo ninachosema, Bibi Teo. Serikali haimtambui. Sasa huyu mama paka amemsomea wapi?

Nkwabi yeye hakujali kusoma. Alikuwa na hofu ya sindano. Alisema kwao Magu aliwahi kuiona sindano ya ng'ombe, akachomoa spoki kwenye gurudumu la mteja na kuilaza kwenye mkono wangu ili nipate kipimo. Ng'ombe ana kilo mia tatu, akasema, paka ana kilo tatu. Ukimpa paka dawa ya ng'ombe ni sawa na kujaza upepo wa tairi la lori ndani ya tairi la baiskeli.

— Atapasuka, bibi. Utaokota manyoya.

Nikamimina vikombe vya pili, na hapo Redio akapata mawimbi. Alianza mbali, kwenye ndege zinazobeba minofu kwenda Ulaya. Alituuliza kama tunajua minofu anayoipakia inaliwa na nani.

— Wazungu, alisema Nkwabi.

— Paka wa wazungu, Spana. Inatiwa kwenye makopo yenye picha ya paka. Kopo nimeliona kwa macho haya.

— Kwa hiyo paka wa Ulaya anakula mnofu, alisema Venant, na wewe unayeupakia unakula panki.

Owuor alikoroga kahawa isiyo na sukari. Panki ni mifupa ya sangara inayobaki baada ya kiwanda kukata nyama yake yote, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, na siku hizi ndiyo mboga yetu wengi. Kila Jumamosi Owuor huniletea moja akitoka kazini, ya Mageuzi, na sijawahi kumwomba. Kwa hiyo nikamwambia Venant amwache mtu amalize habari yake.

Akaimalizia hivi. Alituambia tutazame rafu za lile duka. Rafu ya juu ni dawa ya kupe, ya katikati ni dawa ya minyoo.

— Na ya chini?

Alielekeza kidole kule dukani.

— Sumu ya panya. Pakiti nyekundu, zimepangwa mpaka ukutani. Mtu anauza sumu ya panya, halafu nyinyi mnambebea paka amponyeshe. Soko huria hilo, jamani. Paka wakipona wote, zile pakiti atamuuzia nani?

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nikamkuta Mageuzi ameshuka kutoka kwenye gunia, amelala sakafuni karibu na mlango. Sijawahi kumwona amelala sakafuni.

Alhamisi Nkwabi akaja na dawa ya wasiwasi wangu. Alisema tunakosea tunapojadili. Daktari hajadiliwi, anapimwa.

— Kwetu ukienda kwa mganga, husemi unaumwa nini, alisema. Unakaa kimya na kuku wako. Yeye ndiye akuambie umekuja kwa ajili ya nani na anaumwa wapi. Akikosea, unachukua kuku wako unaondoka.

— Nimpeleke Mageuzi, ninyamaze?

— Hapana. Umpeleke paka mzima. Ukisema anaumwa na yeye akamchoma sindano, tumemkamata.

Paka mzima alitoka kwa Venant. Anaitwa Karani, mnene, ana baka jeupe shingoni kama kola. Venant alimsifu kama anampeleka kwenye usaili: dume safi, mwaka wa tatu sasa, hajawahi kukohoa, na mwezi huu ndiyo kwanza ameongezeka mwili. Mimi ningeweza kukataa. Mgonjwa wangu alikuwa sakafuni, na duka lilikuwa hatua thelathini. Lakini nitakuwa mwongo nikisema sikutaka kuona mtu akinaswa.

Ijumaa saa sita mchana tukaenda, mimi na Nkwabi, Karani ndani ya kapu, khanga juu. Justa alitoka nyuma akifuta mikono, akanisalimia shikamoo, nikaitikia marahaba, akauliza shida ni nini. Nkwabi akamwambia yeye ndiye daktari, atuambie yeye. Nilitegemea akasirike. Akafunua khanga, akamwacha Karani anuse vidole vyake kwanza. Alimtazama macho, akamtazama masikio, akambana taya kidogo mdomo ukafunguka, akatazama huko. Kisha akamshika tumbo polepole, kama unavyopapasa chungu kujua kama kimepoa.

— Huyu haumwi, alisema. Anaitwa nani?

— Karani, alisema Nkwabi.

— Basi Karani atazaa. Wiki mbili, hazitafika tatu. Msimbebe tena juani.

Sindano hakuigusa. Tulipouliza gharama, akasema hakuna alichotibu. Nilipokuwa naokota khanga yangu nikachungulia rafu ya chini. Pakiti nyekundu, mpaka ukutani.

Unaweza kufikiri hapo maneno yalikwisha. Hujui benchi. Venant alilipokea kapu lake akasema ametukanwa yeye na paka wake, kwamba miaka mitatu anaishi na dume na hakuna daktari wa kumbadilishia kwa dakika tano. Nkwabi alimwambia amgeuze atazame. Venant akasema hawezi kumfanyia Karani hivyo mbele za watu.

Nkwabi naye alisema daktari ameanguka mtihani. Alijua mimba, sawa, lakini hakujua kwamba tumekwenda kumpima. Mganga wa kweli angetuambia hilo tukiwa bado mlangoni. Na Owuor alisema kilichomtisha yeye ni kule kukataa hela. Mwaka huu, Igoma hii, nani anakataa hela? Mtu anayekataa hela yako ana hela nyingine inatoka mahali. Akaanza kutupeleka tena kwenye ndege.

Tulikuwa hapohapo, ndege iko angani, Justa alipofunga duka lake na kuja moja kwa moja mpaka kwetu. Owuor alizima. Daktari alinisalimia tena, akawasalimia wazee, akakaa ncha ya benchi, akaomba kahawa. Alikunywa kikombe chote. Akakiweka chini.

— Bibi, alisema, yule anayeumwa yuko wapi?

Nkwabi aliitazama spoki yake. Venant akafunga kifuniko cha kalamu iliyokuwa imefungwa. Walikuwa wananingoja mimi, na mimi nilifungua mdomo niseme yuko nyumbani. Nilikuwa nimeondoka alfajiri, nikaenda kwa Venant kuchukua paka wa watu, nikamzungusha paka wa watu juani, nikarudi kusikiliza kesi ya paka wa watu. Siku ya tano ile. Yuko nyumbani wapi? Yuko juu ya gunia, yuko sakafuni, au hayuko tena? Sikujua. Mwenye paka sikujua.

Nikafunika birika nikawaambia kahawa imekwisha. Birika lilikuwa nusu, na wote waliliona linatoa moshi.

Nikatangulia njia, daktari nyuma yangu. Tulipofika mlangoni Mageuzi alikuwa palepale sakafuni. Aliinua sikio moja. Nikakaa chini bila kutafuta kigoda.

Justa alisema nimfunge kwenye khanga, miguu yote ndani, kichwa tu kibaki nje, nimkumbatie kama mtoto anayekwenda kuoshwa. Alitoa tochi ndogo na kikoleo chembamba. Hapo maneno ya Owuor yakanirudia yote kwa pamoja. Nikaona nikinyamaza sasa nitakuwa nampima tena, na mtihani wa paka wa watu ulikuwa umenitosha.

— Mwanangu, nikasema, wewe si unauza sumu ya panya?

— Nauza, bibi.

— Na paka wote wakipona?

Hakuinua kichwa. Alikuwa anatafuta kona ya taya kwa kidole.

— Nitauza dawa ya kupe. Mshike vizuri.

Nikamshika. Mageuzi alitoa sauti ambayo sijaisikia tena, nami nikatoa ya kwangu, na daktari akasema basi, tayari. Kwenye kikoleo kulikuwa na mwiba mweupe, mrefu kama pingili ya kidole changu kidogo, umekuwa mweusi nchani. Ulikuwa umejibana nyuma ya meno, umesimama kama mlingoti. Akapaka dawa ya kidonda, akaniachia nyingine ya siku tano, akanikataza kumpa paka mifupa migumu. Gharama yake safari hii alinitajia. Nikalipa kwa furaha, nikamfungia na kilo ya mchele.

Jumapili Mageuzi alikunywa maziwa. Jumatatu alipanda gunia. Jumatatu hiyohiyo alasiri niliwasha jiko, nikamimina vikombe vitatu, na kwenye kisahani cha kashata nikauweka ule mwiba peke yake, katikati ya benchi.

Venant alivaa miwani. Akauliza kama nimepewa stakabadhi. Kisha, bila kuulizwa, akasema kwamba Karani ametengewa boksi kwenye kona ya chumba, na kwamba jina halitabadilishwa, maana hata ofisini walikuwapo makarani wanawake. Nkwabi aliugeuza mwiba kwa ncha ya spana, akatangaza kwamba yeye tangu mwanzo alijua ni kitu kilichokwama, ila hakuulizwa.

Owuor ndiye aliyekawia. Aliinama juu ya kisahani. Yeye anawajua sangara kwa kazi, ndani na nje, na aliuona ule mwiba umetoka sehemu gani ya samaki. Naamini aliikumbuka na Jumamosi aliyoniletea ile panki. Alinitazama, nikamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na habari yoyote.

— Bibi, alisema baadaye, sauti ya chini. Niongezee kahawa.

Nikamwambia imekwisha. Nilimwacha akae hivyo kidogo, kisha nikammiminia.