Kanda Zangu za Kwaya Sizichomi

Bwana asifiwe! Na anayeona vibaya mimi kusimama hapa kanisani avumilie, maana sikai mpaka nimalize.

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mzee Zakariya, fundi wa milango ya chuma kule Cibitoke. Shule niliiacha darasa la tatu, na mageti mengi mnayofungua asubuhi nimeyachomelea mimi. Kitu kimoja nilikipenda kuliko chakula: kwaya. Kwaya yoyote! Wakatoliki na ngoma zao, Waprotestanti na sauti zao nne, Wakongomani na magitaa yao, ambao kanda zao nilizifuata mpaka mpakani Gatumba. Hata kasida za Waislamu wa mtaa wa Buyenzi nilisimama nje ya ukuta nikasikiliza, kofia mkononi. Kanda nilikuwa nazo sanduku zima. Mashemasi walinisengenya. Sikujali.

Siku moja niko kazini, upande wa kulia ukafa. Kiharusi! Mguu ulirudi baada ya wiki chache. Kinywa hakikurudi. Kila neno nilikuwa nalijua, lakini likifika kwenye ulimi linakuwa uji. Mimi, niliyekuwa nafokea karakana nzima, nikawa naomba maji kwa kidole. Ndugu zangu, nililia.

Watu wa maombi wakaja. Waliomba, Mungu awabariki. Lakini shemasi mmoja akamwambia mke wangu, Mama Divine: "Mama, huyu mutu amefungwa na zile kanda. Muzichome, atasema." Mke wangu akaogopa, akakubali zichomwe Jumamosi. Na mimi nimekaa palepale, nasikia yote, nashindwa kujibu!

Alhamisi kwaya yetu ikaja kufanya mazoezi uani kwangu, ili nichangamke. Wimbo ulikuwa wa shukrani, niliouimba miaka mingi. Besi wakaingia mapema. Wakarudia, wakaingia mapema tena! Mara ya tatu hasira ikanipanda, nikaingia mimi, mahali penyewe: asante Baba, umenitoa mbali! Maneno yote! Safi!

Mama Divine akaangusha sufuria. "Mzee! Sema tena!"

Nikasema: uji. Nikaimba: maneno!

Mama mmoja wa sauti ya pili, mcheshi kweli, akapiga kelele: "Basi Papa, tuimbie unataka kula nini!"

Nikamwimbia, kwa besi nzito, kwamba nataka ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, na ugali wa muhogo. Walicheka mpaka wakakaa chini. Nikala huku machozi yanatoka.

Jumamosi shemasi akafika na kiberiti. Nikamwimbia salamu. Akaruka nyuma: "Munaona? Ni pepo wa muziki huyo!" Akalishika sanduku. Ndugu zangu, nikasimama, nikaweka mkono juu ya sanduku, nikafungua kinywa. Wimbo haukutoka. Lilitoka neno kavu, la kusemwa tu, la kwanza tangu niugue: "Apana!"

Mama Divine akamfungulia geti atoke. "Umesikia, shemasi. Mzee amesema."

Kuna watu humu wanangoja niseme Mungu ameniokoa na muziki. Watangoja sana! Aliniokoa kwa muziki. Angetaka kupitia mahali pengine angepita, hakuniuliza mimi wala hakumuuliza shemasi. Maneno mengine yalifuata polepole, na leo nasema hivi mnavyonisikia. Nikikwama, naliimba neno, kisha naendelea. Anayetaka kucheka acheke.

Namshukuru Mungu. Naishukuru kwaya, hata wale besi wazembe. Na wewe mwenye mgonjwa aliyenyamaza nyumbani, usimfiche chumbani, wala usimchomee anachokipenda. Mtegemee Mungu, umlete Alhamisi mazoezini, akae upande wetu wa besi. Siwezi kukuahidi kwamba atasema, hilo ni la Mungu. Lakini kuimbiwa, ataimbiwa. Amina!