Festus Cheruiyot na Kadi Aliyoificha Miaka Kumi na Moja

Festus Cheruiyot alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Chepterit, Nandi, mtoto wa tatu kati ya saba. Kuwa wa tatu kulimuuma mapema. Viatu vilinunuliwa vipya kwa kaka mkubwa, vikashuka kwa wa pili, vikamfikia yeye vikiwa na matundu. Marehemu mwenyewe alitaka jambo hili lisemwe mapema, watu wasije wakashtuka huko mbele: alikuwa mtu mwema, na alikuwa na wivu. Si ule wivu wa kuchekesha watu harusini. Wivu kabisa.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha sekondari Kapsabet, akamaliza mwaka 1982. Alikimbia sana. Mwaka 1981, kwenye mashindano ya wilaya, mita elfu tano, alimaliza wa nne. Watatu wa kwanza walivishwa medali, wa nne akapewa soda. "Fanta. Na haikuwa hata baridi," alikuwa akisema, kila Krismasi, kwa miaka arobaini na zaidi, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Alifika Marekani Agosti 1989. Alianza kazi kwenye ghala moja Landover, akipakia maboksi, na mwaka 1996 akapata kazi ya kuhudumia wazee Gaithersburg, kazi aliyoifanya mpaka alipougua. Aliwaosha, akawalisha, akawasikiliza. Mmoja wao alikuwa bibi mzaliwa wa Ujerumani. Bibi huyo alipofariki, binti yake alimletea Festus medali ya shaba ya mwaka 1924, ya baba wa huyo bibi, ya mashindano ya mazoezi ya viungo. Mtu aliyepewa soda akashika medali mkononi. Hapo akazama kwenye medali.

Hakwenda shule ya medali. Alijifunza mwenyewe, kwa kamusi ya Kijerumani, mizani ya jikoni na kioo cha kukuza. Alijua medali za michezo za Wajerumani za zamani zinavyoghushiwa. Ya kweli imegongwa kwa muhuri wa chuma, herufi zake zina makali. Ya feki imemiminwa, ina vishimo vidogo kama ganda la chungwa, na herufi zimelala. Kila medali aliipima, akaigeuza, akainusa, mwisho akaigonga kidogo kwenye jino. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watu walikutana kwenye ukumbi wa maktaba, Wazungu, Wakenya, Watanzania, kila mtu na kiboksi chake cha medali. Festus aliandika kadi nyeupe: Halisi, au Nakala. Hakutoza kitu. Alichoandika hakikubishiwa, na hiyo ilimfurahisha kuliko medali zenyewe.

Alifunga ndoa na Jepkosgei tarehe 12 Desemba 1992, Eldoret, wakajaliwa Ethan na Jelagat. Mama Ethan, ambaye ni nesi, aliwahi kulalamika mezani: "Vyuma vyote humu vina kadi. Mimi nimekaa miaka ishirini na tano bila kadi." Siku ya kuadhimisha ndoa yao, 2017, alikuta kadi nyeupe imebandikwa kwenye koti lake la kazini: Halisi. F. Cheruiyot. Alienda nayo kazini hivyo hivyo, na hakuibandua.

Sasa Mwita. Wengi wenu mnamjua, ni huyu wa Tarime tunayesali naye Lanham. Festus ndiye aliyemfundisha medali, kuanzia kushika kioo. Mwaka 2014, kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani mtaani kwao, Mwita aliokota medali ndani ya kopo la vifungo. Ilikuwa ya mbio za kupokezana vijiti, 1926, wakimbiaji watatu na mti nyuma yao. Festus alikuwa ameitafuta medali hiyo miaka kumi na mbili. Mwita, mwanafunzi wake, aliipata akitafuta kifungo cha shati.

Tarehe 7 Juni 2014 Mwita aliileta maktabani.

"Kaka Festus, niangalizie hii. Mimi naona kama ndiyo yenyewe."

Festus aliiangalia muda mrefu. Alikuwa ameshajua tangu ilipomgusa kiganja. Uzito ulikuwa sawa, herufi zilikuwa kali, na chini ya mguu wa mkimbiaji wa tatu kulikuwa na ule ufa mwembamba kama unywele, ulioachwa na muhuri wenyewe. Aliigonga kwenye jino. Akaona ng'ambo ya meza Mwita anavyotabasamu, na mdomoni mwa Festus ikarudi ladha ya Fanta ya moto.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Hii ni nakala."

"Una uhakika?"

"Mwita, mimi ndiye niliyekufundisha."

Watu wakacheka. Njuguna, mmoja wa waliokuwapo, akapiga meza: "Haki Mwita, hiyo tia funguo tu!"

Na Mwita akatia funguo. Akatoboa tundu juu ya ule mti, akaivalisha kwenye pete ya funguo za gari lake. Jumapili iliyofuata ilining'inia pale kwenye maegesho ya kanisa, ikigongana na vyuma. Kila Jumapili ilikuwa na mkwaruzo mpya. Festus aliona kila mkwaruzo. 

Februari 2025 marehemu aligundulika na saratani ya kongosho. Mama Ethan alikuwa na zamu, watoto wako mbali, na aliyejitolea kumpeleka kwenye matibabu alikuwa Mwita. Mara ishirini na sita walishuka barabara kuu ya I-270 pamoja ndani ya gari la Mwita, Camry ya zamani. Mara ishirini na sita Festus alikaa kiti cha mbele akiangalia medali ya 1926 ikicheza chini ya usukani. Wakimbiaji walikuwa wameshafutika nyuso.

"Umwambie, Baba Ethan," mkewe, aliyekuwa ameshaambiwa siri hiyo, alimsihi.

"Nitamwambia."

Siku moja, hospitalini, Mwita aliweka funguo kwenye meza ya kitanda. Festus akanyoosha mkono, akashika medali, akapitisha kidole kwenye ule ufa. Mwita akasubiri.

"Kaka, unataka kitu?"

"Maji," akasema Festus.

Ni hilo tu. Alikuwa mwoga, na wasifu huu hauwezi kulipamba.

Wiki yake ya mwisho alimwita mkewe na mpwa wake Chepkoech, akawaonyesha droo. Ndani kulikuwa na kadi nyeupe, imeandikwa jioni ile ile ya tarehe 7 Juni 2014: Halisi. Mbio za kupokezana, 1926. Mwenyewe: Mwita. F. Cheruiyot. "Nilimwaibisha mbele ya watu," akasema, "basi nisemeni mbele ya watu." Alifariki nyumbani Gaithersburg, Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, asubuhi, Mama Ethan akiwa amemshika mkono.

Familia haikutaka Mwita ayasikie haya kaburini kwa mara ya kwanza. Mama Ethan alimpigia Jumanne, akamweleza yote. 

"Shemeji, mimi nilijua," akasema Mwita. "Nilimwona usoni siku ile ile. Niliitia funguo ili aione kila Jumapili. Nilitaka aseme yeye. Pale hospitali nilidhani amefika pa kusema." Kisha akasema: "Someni yote. Msipunguze."

Haijapunguzwa.

Marehemu ameacha mjane, Jepkosgei. Watoto, Ethan na Jelagat. Ndugu watano kati ya wale sita. Wapwa wengi, akiwemo Chepkoech anayesoma haya. Medali mia mbili na kumi na tatu, kila moja na kadi yake. Na Mwita, rafiki yake, kama Mwita bado analikubali jina hilo.

Medali moja ilikuwa haina kadi. Kadi yake iko hapa mkononi, mwandiko ni wake, hakuna wa kubisha. Mzee Mwita, tafadhali sogea mbele na funguo zako, uichukue kabla udongo haujashuka.

Festus Cheruiyot ameshasema. Sasa mwacheni alale kwa amani.